Mwaka Magauni Yalipohama Babati

Jumatatu, 4 Februari 1985

Magauni thelathini na sita nimeyakata kabla ya saa nne. Mkasi umeanza kutafuna kitambaa badala ya kukata. Nimeunoa kwenye jiwe la nyuma ya ghala. Uzi wa bluu umekwisha, wa pinki zimebaki bobini tatu. Gari la Arusha halijafika tangu wiki iliyopita, wanasema hakuna dizeli. Dizeli hakuna, sukari hakuna, sabuni hakuna. Magauni ya watoto wa Ulaya yapo, tena yamepigwa pasi.

Mama Basili amekaa mashine ya sita kama kawaida, karibu na dirisha. Amefunga kitambaa cha kijani kichwani. Sikuwa na sababu ya kuandika hilo. Nimeandika.

Jumatano, 6 Februari

Mafuta ya taa yamebaki kidogo. Naandika mlangoni, jua likiwa bado lipo.

Seminarini padri alitufundisha kuandika makosa yetu kila jioni. Seminari niliiacha nikiwa na miaka ishirini na tatu. Daftari sikuliacha. Sasa nina arobaini na mbili, makosa yamepungua na malalamiko yameongezeka. Wanawake wa chumba cha ushonaji bado wananiita Frateri. Nina kipara, nina chumba cha kupanga Maisaka, nina jiko la mkaa na kitanda cha futi tatu na nusu, bado ni Frateri. Kati yao, Mama Basili peke yake ndiye anayeniita Gervas.

Mama yangu amenitumia salamu kutoka Dareda kwa mtu wa maharage. Anauliza kama nimeamua kufa bila kuoa. Nimemrudishia salamu kwamba mvua ikinyesha nitakuja kulima.

Jumamosi, 9 Februari

Nusu siku. Wanawake wameondoka saa saba. Mama Basili amebaki kumaliza kifua cha gauni moja, ile mikunjo midogo midogo inayoshikwa kwa uzi wa rangi. Hapa Babati hakuna mwingine anayeweza kuipanga sawasawa bila kuchora kwanza. Mimi nimebaki kufagia vipande. Vipande vilikuwa vichache. Nimefagia sana.

Amenisimulia habari za shemeji yake. Mumewe alifariki mwaka wa nne huu. Kaka wa marehemu anataka arudi Dongobesh kwenye mji wa mumewe, shamba linaota magugu na wazee wanauliza. Kila shemeji anapokuja, Mama Basili humjibu kwamba ana kazi. Basili yuko kidato cha pili bwenini, nani atamsomesha? Mzee anaondoka. Anasema kazi hii ndiyo mume wake siku hizi, hakuna anayeweza kumhamisha akiwa nayo.

Amecheka aliposema hivyo. Mimi sikucheka. Nimetembea hadi ziwani peke yangu na kuwatazama viboko, ambao hawana haya.

Jumanne, 12 Februari

Meneja ametuita. Bwana Elifuraha ni mtu wa Singida, Mlutheri, mkweli kupita kiasi. Mnunuzi wa magauni anakuja kutoka Ulaya kutuona. Miaka sita amenunua kila gauni tuliloshona na hajawahi kuja. Wanawake wamefurahi. Mama Anna ameanza kupanga wimbo. Anapanga wimbo hata daktari wa mifugo akija.

Meneja amenikabidhi chumba mimi. Nikiwa mkata vitambaa na mwanamume pekee humu ndani, ndimi mkubwa wa kazi. Nimewaambia: mgeni akiingia, mashine zote zisimame. Kila mtu ainuke, ampe mkono, amuulize habari za safari. Mtu ametoka mbali hivyo, hawezi kukuta migongo.

Ijumaa, 15 Februari

Sukari imepatikana. Robo kilo, kwa mpishi wa misheni, kwa kubadilishana na kaptura mbili nilizomshonea kwa cherehani yangu ya nyumbani. Ni ya mgeni. Nimeificha ndani ya sanduku la vifungo.

Jumanne, 19 Februari

Amekuja. Kijana, hajafika hata thelathini na tano, shingo nyekundu kwa vumbi na jua. Mkononi daftari na saa ya kubonyeza, kama ya mwalimu wa michezo.

Kila kitu kimekwenda nilivyopanga. Ameingia, mashine kumi na nne zikanyamaza pamoja. Wanawake wakasimama. Wakaja mmoja mmoja, mkono, habari za safari, habari za nyumbani, wazazi hawajambo? Meneja anatafsiri. Halafu wimbo, beti zote. Halafu chai ya maziwa na sukari. Mgeni ametabasamu muda wote. Meneja hakutabasamu, nikadhani ana njaa.

Baada ya chai mgeni akaomba kazi iendelee. Akaenda moja kwa moja mashine ya sita. Akabonyeza saa. Mama Basili alikuwa katikati ya kifua cha gauni. Kuona mgeni amesimama juu yake, akasimama. Akafuta kiti chake kwa upindo wa khanga na kumpa akae. Mgeni akakataa. Mama Basili akasisitiza. Mgeni akakaa. Basi hapo Mama Basili hakuwa na kiti, akaja kwenye meza yangu kuomba stuli, nikampa, nikaibeba mwenyewe hadi pale, nikaifuta, tukakubaliana iwekwe wapi ili asimpe mgeni mgongo. Akaanza kushona, taratibu, apate kuona vizuri. Kila mkunjo akimwonyesha kwanza.

Saa ilikuwa inakwenda muda wote huo. Mimi nimeiona. Nilifikiri anapima mapigo yake mwenyewe, kama wagonjwa wa moyo.

Siku nzuri. Mama Basili amesema, umetupanga vizuri, Gervas. Nimerudi Maisaka nikitembea kama niliyepewa daraja la upadri.

Jumatano ya Majivu, 20 Februari

Majivu kwenye paji. Kipara changu hakikumpa padri taabu.

Mgeni ameondoka alfajiri. Meneja amesema neno moja tu: kile kifua cha gauni, mgeni ameandika kimechukua saa moja na dakika hamsini. Nimemwambia Meneja kwamba Mama Basili hukimaliza kwa dakika thelathini na tano, nimemwona mara mia. Akasema najua, Bwana Gervas, nilimwambia. Hajaniamini. Anaamini saa.

Nimekaa na hilo siku nzima. Kosa la siku: mimi.

Ijumaa, 1 Machi

Gari limeleta uzi. Wa bluu, wa pinki, wa njano. Kitambaa hakikuletwa. Meneja amesema kitakuja na gari lijalo. Hakunitazama aliposema.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua ya kwanza kubwa. Barabara ya Nangara ni tope tupu. Mama Basili amekuja na viatu mkononi, miguu imejaa udongo mwekundu hadi kwenye kifundo. Ameiosha kwenye pipa la nje. Nilikuwa dirishani nikijifanya natafuta chaki.

Ninampenda. Limeshaandikwa, halifutiki. Ni mwaka wa tatu. Nimempa stuli, nimempa mkasi mzuri, nimempa uzi mzuri kabla ya wenzake. Sijampa neno. Kila Jumatatu nasema wiki hii. Wenzake wote kumi na watatu wanajua, na Mama Anna ananicheka waziwazi: Frateri, unasubiri Papa akupe ruhusa? Mtu pekee asiyejua ni yeye. Au anajua.

Sina haraka. Yupo hapa kila siku, mashine ya sita. Kesho nitamwona.

Ijumaa, 15 Machi

Barua imefika. Meneja ametusomea amesimama mlangoni, kofia mkononi.

Mnunuzi anashukuru kwa ukarimu mkubwa. Kwanza ameandika ukarimu, mistari mitatu. Halafu anasema magauni yake kuanzia sasa yatashonwa nchi moja ya Asia. Kule kitambaa kinafumwa mlango wa pili, uzi unatengenezwa mlango wa tatu, meli inaondoka kila wiki. Umeme haukatiki. Wasichana wanalala bwenini ndani ya uzio wa kiwanda. Gauni moja wanalimaliza kwa muda mfupi kuliko nusu ya wetu, na wanalipwa chini ya nusu ya tunacholipwa.

Hapo Mama Anna akauliza. Sauti yake haikuwa ya mzaha.

“Kuna watu wanalipwa kidogo kuliko sisi?”

Meneja akasema wapo.

Sikujua cha kuhisi. Miaka yote tulidhani sisi ndio wa mwisho kwenye foleni, na kwamba kwa sababu hiyo kazi haina pa kwenda. Kumbe nyuma yetu kuna mtu. Yuko bwenini, amelala kwa zamu.

Mwisho wa mwezi tunafunga. Sikumtazama Mama Basili. Nilitazama mikono yake. Ilikuwa inaendelea kushona.

Jumamosi, 16 Machi

Nimekwenda kwa Meneja, nyumbani kwake. Nimekiri kama mbele ya padri: mimi ndiye niliyewaambia wasimamishe mashine. Mimi ndiye niliyebeba stuli. Kama si mimi saa ingesema ukweli.

Amenikalisha. Mkewe ameleta uji. Amesema, Bwana Gervas, usijipe ukubwa. Hata mngeshona kwa dakika thelathini na tano, wale wanashona kwa ishirini. Hata mngeshona kwa ishirini, kitambaa chao hakivuki bahari mara mbili, na chetu hakina hata dizeli ya kutoka Arusha. Saa ilimpa sababu ya kuandika tu. Sababu yenyewe alikuja nayo.

Halafu amenieleza kitu ambacho mgeni alimwambia njiani. Mama yake mgeni alikuwa mshona magauni hayohayo, huko kwao, kiwandani, tangu msichana. Kiwanda kilifungwa. Kazi ikaletwa kwetu kwa kuwa sisi ni rahisi. Mama yake hajafanya kazi tena mpaka leo.

Kumbe kiti tulichokalia kilikuwa cha mtu. Miaka sita nimekata vitambaa nikidhani Mungu ameikumbuka Babati. Kuna mama mmoja huko kwenye baridi ambaye jioni moja alirudi nyumbani na mkasi wake kwenye mkoba, na hakutujua majina.

Nimekasirika, sijui nimkasirikie nani. Mgeni? Amezaliwa na mshonaji. Wasichana wa bwenini? Wana njaa. Nimempiga teke mbuzi wa mwenye nyumba. Hakuwa na kosa, nimemwomba radhi.

Alhamisi, 21 Machi

Leo nimefunga paterni, zile kadi za kukatia vitambaa. Mnunuzi ameomba zote, barua inasema ni mali yake. Kadi mia na kumi na mbili. Kingo zake nimezikata kwa mkono wangu, nimezisahihisha mwaka baada ya mwaka: kwapa lilikuwa linabana, shingo ilikuwa inaanguka. Zile zilizotoka Ulaya zilikuwa mbovu. Hizi nzuri ni zangu. Nimezipanga kwa umri wa mtoto, miezi sita hadi miaka sita, nimezifunga kwa kamba ya katani.

Juu ya kila kadi ninaandikaga kwa penseli neno la kujikumbusha. “Hapa mkono uwe mwepesi.” “Usikiamini kitambaa cha pinki.” Kwa Kiswahili. Nilitaka kuyafuta. Nimeyaacha. Kuna mkataji huko atakayekaa na kadi zangu asielewe neno hata moja, lakini ataona kwamba kulikuwa na mtu.

Mama Basili alinishikia kamba wakati nafunga fundo. Vidole vyetu. Basi.

Amesema, “Shemeji akisikia, atakuja.”

Nikasema, “Barabara ni mbaya mwezi huu.”

Hilo ndilo nililosema. Mwanamke ananiambia anachukuliwa, ninamjibu habari za barabara. Kosa la siku. Kosa la mwaka.

Jumapili, 24 Machi

Misa ndefu. Nimeomba nipewe ulimi. Padri akahubiri juu ya ukimya wa mtakatifu fulani kama fadhila. Nimetoka kabla ya matangazo.

Ijumaa, 29 Machi

Siku ya mwisho. Gauni la mwisho ni la mtoto wa miaka miwili, la njano. Mama Basili ameshona kifua, mimi nimepiga pasi. Tumemaliza saa nane na dakika kumi. Hakuna aliyetaka kusimama.

Meneja ametangaza kwamba aliyefikisha miaka mitano achukue cherehani yake badala ya kiinua mgongo. Wanawake wamezisafisha wenyewe, wamezipaka mafuta ya alizeti kwa kuwa ya mashine hakuna. Wamezibeba vichwani, wamepita sokoni mstari mmoja. Mama Anna hakuimba.

Mama Basili ameacha yake kwanza. Amesema ataifuata Jumanne ijayo, kuna jambo analishughulikia. Sikuuliza jambo gani. Nilifurahi tu kwamba atarudi. Nina siku chache.

Nimeamua: Jumanne atakapokuja kuchukua cherehani nitasema. Nimeandika sentensi mbili nyuma ya daftari hili. Nimezisoma kwa sauti. Mbuzi amesikia.

Jumanne, 2 Aprili

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nilinyoa. Nilivaa shati jeupe. Nilifika chumbani saa mbili, Mama Basili alikuwa ameshafika, yuko stoo anatafuta mfuniko wa cherehani yake. Stoo haina mlango, ina pazia tu. Nilikuwa nimevuta pumzi. Nilikuwa nimeanza kukohoa kule kwa kuanza kusema.

Mzee akaingia.

Shemeji yake. Mrefu, fimbo, shuka la kijivu, miguu ina tope la Dongobesh hadi magotini. Nikamwamkia, shikamoo Mzee. Marahaba. Nikampa kiti. Nikauliza habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe, za wazee. Akajibu zote, akauliza zangu zote. Nikaweka maji jikoni. Mama Basili hakutoka stoo. Ni sawa, ni heshima, wanaume wanazungumza.

Nikammiminia kikombe cha kwanza. Akakishika kwa mikono miwili. Akasema, “Wewe ndiye mkubwa wa kazi. Kazi imekwisha, nimesikia. Nimekuja kumchukua mke wa ndugu yangu. Lakini sitaki kumwondoa mtu kwa nguvu. Nakuuliza wewe. Je, kuna jambo lolote linalomfunga hapa mjini?”

Nikasema, “Hakuna, Mzee. Karibu chai.”

Nieleze, ingawa hakuna atakayesoma. Kwetu jibu la kwanza kwa mgeni mzee ni la adabu. Amefika sasa hivi, ana tope miguuni, huwezi kumkatalia kabla hajashusha kikombe. Unamwambia hakuna shida, karibu. Anakunywa. Unammiminia cha pili. Hapo ndipo maneno yenyewe yanapotoka, polepole: ee Mzee, lakini kuna jambo dogo. Kila mtu anajua. Baba yangu aliomba mke hivyo. Mashamba yanagawanywa hivyo. Sentensi zangu mbili nilikuwa nimeziweka kwenye kikombe cha pili.

Mzee akanywa cha kwanza. Nikanyanyua birika. Akaweka kiganja juu ya kikombe.

“Nimeshiba, mwanangu. Umenijibu vizuri.”

Akasimama.

Yeye anajua desturi kuliko mimi. Alijua. Niliona machoni mwake kwamba alijua.

Mama Basili akatoka stoo, mfuniko mkononi. Macho chini. Akamwamkia shemeji yake. Halafu akanigeukia.

“Asante kwa yote, Frateri.”

Alhamisi Kuu, 4 Aprili

Lori la Dongobesh limeondoka saa tatu kasoro. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, penye mti wa mjohoro. Cherehani yake imefungwa kwenye gunia, imelazwa juu ya magunia ya chumvi. Yeye alikaa pembeni yake, mkono mmoja juu ya gunia. Kitambaa cha kijani.

Sikuvuka. Ningesema nini, mbele ya Mzee, baada ya kumwambia hakuna? Mtu hawezi kuwa na majibu mawili.

Angeweza, mpumbavu wewe. Angeweza kabisa.

Jumapili, 7 Aprili. Pasaka

Kengele. Watu wamevaa vizuri. Nimekula viazi.

Jumatano, 10 Aprili

Naamka saa kumi na mbili kasorobo kama kawaida. Navaa. Nakumbuka. Navua.

Ninachokitamani si kitu kikubwa. Natamani ile sauti ya mashine kumi na nne zikianza asubuhi, moja moja, halafu zote. Natamani kusikia namba sita ikiwa peke yake Jumamosi mchana, baada ya wengine kuondoka. Natamani kubeba stuli.

Wakati mwingine nawaza ile nchi ya Asia. Ninapoamka, kule tayari ni mchana. Kadi zangu ziko mezani kwa mtu. Labda naye yuko mwanamke mashine ya sita. Labda naye mkataji anasema kesho. Natamani nimwandikie: sema leo, kaka, huyo mnunuzi ana saa, hata hapo hatakaa.

Jumatatu, 15 Aprili

Pale chumbani wamejaza mahindi. Mfanyabiashara mmoja amekikodi. Nilichungulia dirishani. Magunia hadi darini, panya wawili, na alama za chaki yangu bado ziko ukutani.

Mama Anna ameanza kuuza maandazi bila sukari. Nimenunua manne. Hakunitania. Bora angenitania.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua imekatika. Chumba changu kina giza mno kwa kushonea, na mtu lazima ale. Wazazi wanataka sare kabla shule hazijafunguliwa. Nimekwenda kwa Mzee Issa, Mrangi mwenye duka la chumvi na majembe karibu na soko, kuomba nafasi barazani kwake niweke cherehani.

Nimemkuta anapanga majembe. Nimemwamkia, nimeeleza shida yangu. Akanishangaa.

“Si ulishapata? Baraza lote nimewawekea ninyi.”

Nikamwambia sijawahi kufika kwake na shida hiyo.

Akasema mama alikuja. Yule wa mashine, aliyefunga kitambaa cha kijani. Jumamosi ile baada ya magauni kufungwa. Aliomba nafasi ya cherehani mbili, akapima mwenyewe kwa hatua, akaonyesha mkataji akae upande wa kushoto kwa ajili ya mwanga. Alisema fundi wake mzito kusema, yeye ataongea badala yake, na Jumanne watakuja wote wawili wamwamkie mwenye baraza. Mzee Issa akasubiri Jumanne ile. Hawakuja. Akadhani ni mvua.

“Yeye yuko wapi?”

Nikamwambia amekwenda Dongobesh. Nikaona nimeketi juu ya gunia la chumvi, sikumbuki kuketi.

Hakuuliza zaidi. Mtu mwema. Alinipa maji, akaniachia kikombe. Baadaye akasema kuna fundi saa wa Singida anayetafuta mahali, kama nafasi ya pili haina mtu angempa yeye.

Nikamwambia, “Ina mtu.”

Akaniuliza, “Una hakika?”

Nikamwambia hapana. Nikamwomba angoje hadi Ijumaa. Lori la Dongobesh linaondoka Alhamisi, saa tatu kasoro. Naweza kusimama kwenye magunia kama watu wengine.

Nimeleta cherehani yangu kwa mkokoteni. Nimeiweka kushoto, kwenye mwanga. Nimeazima ufagio wa Mzee Issa, nimefagia pande zote mbili.